Viazi vya kukaanga bila maziwa: mwongozo kamili wa katlesi, viazi vya rojo, viazi vya kukwaruza na vya siagi

Katlesi za kwanza nilizokaanga bila maziwa zilipasukia mafutani. Nilitumbukiza nne. Moja ikatoa ufa mwembamba ubavuni, ufa ukatoa povu, na kabla sijaifikia na kijiko cha matundu viazi vilikuwa vimeshamwagika, ganda tupu likibaki likielea. Nyingine zikafuata. Mafuta yalipotulia, chini ya karai palikuwa na uji wa viazi ulioungua. Nilikuwa nimefanya kile ambacho wengi hufanya mara ya kwanza: nimetoa siagi gramu 50 na kuweka mafuta gramu 50, nimetoa maziwa nusu kikombe na kuweka maziwa ya lozi nusu kikombe. Kipimo kwa kipimo. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza amegundulika ana mzio wa maziwa, na katlesi ndicho chakula alichokipenda kuliko vyote.

Nimekaanga viazi vya namna hiyo mara nyingi tangu siku ile, na njia niliyoishia nayo ni hii: kabla ya kutafuta mbadala, uliza maziwa yanafanya kazi gani ndani ya chakula hicho. Siagi ya kwenye katlesi haifanyi kazi ya siagi ya kwenye kikaango, na maziwa ya kwenye rojo, ule unga uliokorogwa wa kuchovyea viazi, hayafanyi kazi ya maziwa ya kwenye viazi vya kuponda. Ukishaijua kazi, mbadala unajitokeza wenyewe. Na mara nyingine utakuta hakuna kazi yoyote, ni mazoea tu ya mpishi.

Kwanza, unakwepa nini hasa?

Watu huacha maziwa kwa sababu tofauti, na sababu ndiyo inayoamua nini kinaruhusiwa jikoni.

Mwenye shida ya laktosi anasumbuliwa na sukari ya maziwa, kwa kuwa tumbo lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja. Huyu ana nafasi kubwa. Samli ina laktosi kidogo sana, jibini ngumu iliyokomaa kwa miezi mingi vilevile, na siagi ya vijiko viwili kwenye sufuria nzima huenda asiihisi. Anaweza pia kutumia maziwa yaliyoondolewa laktosi, lakini kwenye kukaanga kuna jambo la kuangalia. Maziwa hayo hutengenezwa kwa kuivunja laktosi iwe glukosi na galaktosi, sukari mbili ambazo hubadilika rangi kwenye joto upesi zaidi. Rojo lake hugeuka kahawia wakati kiazi cha ndani bado kigumu. Punguza moto kidogo, au yachanganye nusu kwa nusu na maji.

Mwenye mzio anapambana na protini: kaseini na zile za maji ya mtindi. Kwake samli si salama, kwa sababu protini kidogo hubaki hata ikichujwa vizuri. Maziwa yaliyoondolewa laktosi si salama. Maziwa ya mbuzi nayo si salama kwa wengi wao, kwa kuwa protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Hapa hakuna "kidogo tu".

Asiyekula chochote kinachotokana na mnyama atabadilisha na mayai pia. Mayai hayamo katika jamii ya maziwa, ingawa watu huyachanganya sana. Kama tatizo lako ni maziwa peke yake, yai ni rafiki yako mkubwa kwenye katlesi.

Kwa hali zote tatu, soma vifungashio. Maziwa hujificha pasipotarajiwa: kwenye chenga za mkate za dukani, kwenye baadhi ya majarini, kwenye viungo vya unga vya kunyunyizia chipsi, kwenye viazi vilivyokatwa tayari na kugandishwa. Maneno ya kutafuta ni "casein", "caseinate", "whey", "lactose" na "milk solids". Na usitulizwe na maandishi makubwa ya mbele yanayosema "non-dairy": baadhi ya unga wa kutia kwenye chai wenye jina hilo una kaseini ndani. Geuza pakiti, soma nyuma.

Kazi ambazo maziwa hufanya kwenye viazi

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takribani asilimia 87. Kilichobaki ni mafuta, protini na sukari, kila kimoja kati ya asilimia 3 na 5 hivi. Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi kidogo, maji kama asilimia 16, na chembe chache za maziwa. Chembe hizo ndizo zinazoipa harufu yake ikiwa kikaangoni, na ndizo zinazoungua kwanza.

Kwenye viazi, kazi zenyewe ni nne. Mafuta yake huzifunika chembe za wanga ili viazi vilivyopondwa viwe laini, visinate kama gundi. Maji yake hulegeza. Protini na sukari huleta rangi ya dhahabu, kwa sababu vikikutana kwenye joto kali, kama nyuzi 140 za Selsiasi kwenda juu, hugeuka kahawia na kutoa harufu ya kitu kilichookwa. Na kama ni mtindi au jibini, kuna uchachu na chumvi, ladha zinazofanya mdomo utamani kipande cha pili.

Kiazi chenyewe kina wanga, kina sukari kidogo, kina maji tele. Kazi nyingi kati ya hizo kinaziweza peke yake kikisaidiwa kidogo. Ndiyo maana chipsi za kawaida hazihitaji maziwa hata tone.

Katlesi na krokete: viazi vya kuponda vinavyokaangwa

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa.

Siagi ikipoa huganda. Donge la viazi lenye siagi likikaa kwenye friji hukaza, unaliviringisha vizuri, na likiingia mafutani linapata sekunde kadhaa za kujenga ganda kabla ya kulegea. Mafuta ya maji, kama ya alizeti, hayagandi friji. Donge lake ni laini tangu mwanzo. Ukiongeza maziwa ya lozi, ambayo karibu yote ni maji, maji hayo yakiguswa na mafuta ya moto hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua ganda. Ndicho kilichonipata.

Dawa iko sehemu mbili: punguza majimaji, na tafuta kitu cha kukaza.

Kwa viazi kilo 1 vya aina ya unga (vile vinavyovunjika vikichemka, si vile vinavyong'ang'ania umbo), ambavyo hutoa katlesi 16 hivi za ukubwa wa yai la kuku, ninafanya hivi.

1. Menya, kata vipande vinavyolingana, anza kuvichemsha kwenye maji baridi yenye chumvi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha; kisu kipite bila kusukumwa.

2. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Maji hayo yana wanga wa kiazi chenyewe, na ndiyo yatakayochukua nafasi ya maziwa.

3. Rudisha viazi kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika 2 au 3, ukitikisa. Sikiliza: mwanzoni vinanong'ona kwa sababu ya maji, kisha sauti inakatika. Kingo zinakuwa nyeupe na zenye ungaunga, na utando mweupe unashika chini ya sufuria. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Katika kila nilichobadilisha tangu siku ile ya ufa, hii ndiyo iliyosaidia zaidi.

4. Ponda vingali moto, kwa mwiko au kipondeo cha mkono. Usitumie blenda. Visu vyake huzipasua chembe za viazi, wanga unamwagika, unapata kitu kinachovutika kama ulimbo, na hakuna mbadala wa maziwa utakaokiokoa.

5. Tia mafuta kwanza, kabla ya majimaji yoyote. Siagi gramu 50 ina mafuta gramu 40 tu, kwa hiyo weka vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Kama unataka donge linalokaza kama la siagi, tumia mafuta ya nazi yaliyosafishwa, yasiyo na harufu: huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, na friji itafanya kazi yake kama kawaida.

6. Ongeza maji ya viazi kijiko kikubwa kimoja kimoja. Mara nyingi 2 vinatosha, mara nyingine hata 1. Acha pale donge linapofinyangika bila kuacha unyevu kiganjani. Likikuzidia, kijiko kimoja au viwili vya wanga wa mahindi vitalirudisha.

7. Koleza ladha sasa. Siagi ya chumvi ulikuwa ukiitegemea bila kujua, kwa hiyo onja na uongeze. Kijiko cha chai kimoja cha maji ya limau kinaamsha viazi bila kuonekana kama limau. Kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kikawa cha dhahabu kinarudisha ule utamu wenye uzito ambao siagi ilikuwa inauleta.

8. Friji, saa 1 kwa uchache. Wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukaza, na hili hutokea hata bila siagi.

9. Finyanga, pitisha kwenye unga mkavu, kisha kwenye yai lililopigwa na kijiko kikubwa cha maji (watu huweka maziwa hapo, hayana kazi), kisha kwenye chenga za mkate. Asiyekula mayai akoroge unga wa dengu au wa ngano gramu 60 na maji mililita 100, liwe zito kama rangi ya kupaka. Hakikisha hakuna sehemu iliyo wazi, hasa ncha. Rudisha friji dakika 20.

10. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kidogo cha mkate; kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Kaanga moja peke yake kwanza. Ikisimama imara, endelea nne nne, dakika 2 hadi 3. Ikipasuka umepoteza moja, na bado unaweza kukanda wanga kidogo kwenye zilizobaki.

Ukitaka maziwa ya mimea badala ya maji ya viazi, sikukatazi, ila ujue unachokipata. Ya soya ndiyo yanayokaribia zaidi, kwa kuwa protini yake inalingana karibu na ya ng'ombe. Chagua yasiyo na sukari wala vanila, na hili nalisisitiza kwa sababu vanila ndani ya katlesi huisahau upesi. Ya oti yana utamu wa asili unaotokana na wanga wake kuvunjwavunjwa, hivyo yanapata rangi haraka. Ya mchele ni mepesi na matamu, ya lozi ni maji kwa sehemu kubwa. Tui zito la nazi ni jambo jingine: lina mafuta mengi, linalainisha viazi vizuri sana, lakini ladha yake haijifichi. Likiwekwa pamoja na tangawizi, bizari na pilipili linakaa mahali pake. Likiwekwa ili kuiga siagi, linamsaliti mpishi.

Rojo la kuchovyea viazi

Kwa rojo nina msimamo: maziwa hayahitajiki, na mara nyingi ndiyo yanayoharibu. Protini na sukari zake hufanya ganda kuwa laini na kuwahi rangi. Mtu akilalamika kwamba viazi vyake vya rojo vinalegea baada ya dakika tano, swali langu la kwanza ni kama aliweka maziwa.

Kwa viazi gramu 500, vilivyokatwa vipande vya unene wa nusu sentimita na kuchemshwa dakika 4, changanya unga wa ngano gramu 120, wanga wa mahindi gramu 40, bekingi pauda kijiko cha chai 1 na chumvi nusu kijiko cha chai. Mimina maji yenye gesi, baridi sana, mililita 200. Koroga kidogo tu; mabonge madogo yasikusumbue. Wanga wa mahindi hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, kwa hiyo ganda halivutiki, na viputo vya gesi vinaliacha likiwa na matundu membamba. Viazi vikaushe kwa kitambaa na uvipake unga mkavu kabla ya kuchovya, la sivyo ganda litateleza na kubaki kwenye karai.

Utakachokosa ni rangi, maana rojo la maji hubaki jeupe. Nusu kijiko cha chai cha sukari, au bizari ya manjano kidogo ukipenda, vinamaliza suala hilo.

Kama mapishi yako yanataka mtindi, kazi yake ni uchachu, na uchachu hauji bure: kwa kawaida unakutana na bekingi soda ili kutoa gesi. Kwa kikombe kimoja cha mtindi wa kunywa (mililita 240), chukua maziwa ya soya kiasi hicho, tia kijiko kikubwa 1 cha siki au maji ya limau, na uache dakika 10. Utaona yanakatikakatika na kuwa mazito, kwa sababu protini ya soya hushikana ikikutana na asidi. Ya oti na ya lozi hayatakatika hivyo, lakini asidi imo na soda itafanya kazi, kwa hiyo usiyamwage ukidhani umekosea. Ukiamua kuacha uchachu kabisa na kutumia maji, acha na soda pia. Soda isiyo na asidi huacha ladha ya sabuni na kulifanya rojo kuwahi kugeuka kahawia. Weka bekingi pauda badala yake: kwa kila robo kijiko cha chai cha soda, kijiko cha chai 1 cha pauda.

Viazi vilivyokwaruzwa

Mapishi mengi ya viazi vya kukwaruza na kukaanga bapa huagiza maziwa kidogo ya "kushikanisha". Maziwa hayashikanishi. Kinachoshikanisha ni wanga na yai, na wanga unao tayari, uko kwenye maji unayoyamwaga.

Kwaruza viazi viwili vikubwa, viweke kwenye kitambaa safi, kamua juu ya bakuli kwa nguvu zako zote. Maji yatakuwa ya hudhurungi iliyofifia, yana povu, hayavutii. Yaache dakika 10 bila kuyagusa. Kisha inamisha bakuli polepole umwage maji yote. Chini utakuta tabaka jeupe, laini, lililoshikana hivi kwamba ukilikwangua kwa kijiko linagoma kama chaki iliyolowa, na ukiliachia linayeyuka. Huo ni wanga mtupu wa kiazi. Changanya na viazi vyako vilivyokamuliwa, ongeza yai 1 au kijiko kikubwa cha unga wa dengu, chumvi na kitunguu. Chota kijiko, bonyeza bapa kwenye mafuta yenye kina cha nusu sentimita, dakika 4 kila upande kwa moto wa wastani. Usigeuze mapema. Kingo zikipata rangi ndipo chini huachia penyewe.

Mara ya kwanza nilipoyaona mapishi haya yakishikana bila maziwa na bila unga wa ngano, niliwahurumia viazi wote niliokwisha kuwamwagia maji yao.

Viazi vya kikaango vilivyokuwa vikikaangwa kwa siagi

Hivi ni vile viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaangwa kwenye siagi hadi vikakauka nje. Siagi hapa inafanya kazi mbili ambazo ni bora kuzitenganisha: kupitisha joto na kutoa harufu.

Kwenye kupitisha joto, mafuta yanaishinda siagi. Siagi huanza kuungua na kutoa moshi karibu na nyuzi 150, wakati mafuta mengi yaliyosafishwa, kama ya alizeti, yanavuka 200 bila wasiwasi. Kwa hiyo tumia mafuta na usijute. Majarini ina maji ndani, hurusha matone, na hainipi sababu ya kuipendelea.

Harufu ndiyo inayokosekana. Siagi ikikolea moto hunukia kama njugu zilizokaangwa, na njia niliyoipata ni kuifuata harufu hiyo kwenye chanzo kingine. Viazi vikikaribia kuiva, sogeza pembeni, tia kwenye nafasi iliyobaki kijiko kikubwa cha mafuta, vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba, na ufuta au korosho zilizopondwapondwa. Sekunde 40, zikipata rangi tu, changanya na uondoe motoni. Kitunguu saumu kikizidi hapo kinakuwa kichungu. Mwenye mzio wa njugu au wa ufuta abaki na kitunguu saumu na majani ya viungo.

Kwa mwenye shida ya laktosi peke yake, samli inatosha, na inavumilia moto kuliko siagi. Ninarudia tu kwamba mwenye mzio hayumo katika sentensi hiyo.

Jibini

Ningependa kusema kuna kitu kinachovutika kama jibini ndani ya krokete ya moto. Sijakipata. Jibini za mimea zinazouzwa nyingi ni mafuta ya nazi na wanga, na kwenye mafuta ya nyuzi 180 huyeyuka kuwa majimaji, zikatafuta tundu la kutokea. Ukizitumia, kata vipande vidogo vya sentimita moja, vigandishe kabisa, na uvizungushie viazi visivyopungua sentimita moja kila upande.

Mimi huacha kutafuta mvutiko, nikafuata ladha: chumvi, uchachu, na ule ukolezi wa kitu kilichokomaa. Korosho mbichi gramu 150, zichemshe dakika 15 hadi zilainike, mwaga maji, saga na maji mililita 120, maji ya limau kijiko kikubwa 1 na nusu, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, na kitunguu saumu punje moja. Ukipata ile hamira iliyokaushwa ya vipande vya njano inayouzwa kama kiungo cha kula, si ile ya kuumulia mkate, ongeza vijiko vikubwa 2. Ndiyo yenye ladha inayoikaribia jibini zaidi. Iache mchanganyiko friji hadi ikaze, kisha iweke katikati ya katlesi kijiko cha chai kimoja kimoja. Haivutiki, lakini pia haikimbii.

Asiyeweza korosho atumie maharage meupe yaliyochemshwa na kupondwa, na mafuta ya zeituni vijiko 2. Ni mazito zaidi na yanahitaji limau zaidi.

Kwa jibini ya kunyunyizia juu ya chipsi, kaanga chenga za mkate kavu kwa mafuta kidogo, ganda la limau lililokwaruzwa na chumvi. Nyunyiza wakati wa kula, si kabla.

Sosi za pembeni

Mayonezi ya kawaida ni mafuta, yai na asidi. Haina maziwa, ingawa soma pakiti. Badala ya krimu chachu, mtindi wa soya usio na sukari, uliochujwa kwenye kitambaa saa 2, ukatiwa chumvi na limau, unatosha. Sosi nyeupe ya kumwagia juu ya viazi hupikwa vilevile bila siagi: mafuta gramu 30, unga wa ngano gramu 30, kaanga dakika 2, kisha maziwa ya soya mililita 500 kidogo kidogo ukikoroga. Chumvi, pilipili manga, na kungumanga iliyokwaruzwa.

Nyumba yenye wanaokula maziwa na wasiokula

Mafuta ya moto hayaui mzio. Protini ya jibini iliyovuja kwenye karai inabaki humo, inashika kwenye chenga zinazoelea, na inaingia kwenye katlesi inayofuata. Kwa hiyo utaratibu wangu haubadiliki: ubao, bakuli na kijiko cha matundu vya katlesi zisizo na maziwa vinaoshwa na kutumika kwanza. Zinakaangwa kwanza, kwenye mafuta mapya au yale ambayo hayajawahi kuguswa na maziwa. Zinawekwa kwenye sahani yao, zinafunikwa. Zenye jibini zinafuata. Baada ya hapo mafuta yale yakichujwa, chupa yake inaandikwa "yana maziwa", kwa maandishi ambayo hata mgeni atakayeingia jikoni akiwa na nia njema atayaona kabla hajaifungua.